Kijana Aliyeagiza Mtindi

Juzi mchana, katika mgahawa mmoja wa Pasiansi, wanachuo watatu walikaa meza iliyo jirani na yangu. Wawili waliagiza bia. Wa tatu, mzaliwa wa Misungwi, akaagiza mtindi.

“Kunywa kiume, mwanangu,” mmoja akasema, akimsukumia chupa yake. “Unatuaibisha mbele ya dada.”

Kweli mhudumu alikuwa anatazama. Kijana akafuta mdomo taratibu. “Kwetu mwanaume ni mwenye ng’ombe. Wewe bia hiyo umeikamua wapi?”

Mhudumu alicheka hadi akaweka sinia chini. Baadaye yule mchokozi akamwita kwa sauti ndogo: “Dada, niletee na mimi mtindi. Ila uweke kwenye kikombe chenye mfuniko.”

Enzi zetu tulificha pombe, padri asituone. Siku hizi wanaficha maziwa.