Nilivyompongeza Mzee Ambakisye kwa Dhambi Isiyo Yake

Nimeamua nisimulie mwenyewe, maana juzi nilikuwa sokoni nachagua parachichi nikamsikia mtu nisiyemjua akiisimulia habari hii kwa muuza nyanya, na katika simulizi yake mimi nilizimia nikamwagiwa maji. Sikuzimia. Natamani ningezimia, maana aliyezimia haongei, na shida yangu yote siku ile ilikuwa kuongea. Kwa hiyo sikilizeni ya kweli, mcheke mkimaliza, tusonge mbele.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kutwa nzima nakagua nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia: karatasi hii inafuatana na ile, mhuri upo, jina la huku ndilo la kule. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba aliyefanya haya si mtu asiyejua karatasi.

Tuna kikundi chetu cha kusoma vitabu. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye darasa la chekechea tunaloazimwa, tunakaa kwenye viti vya plastiki vya watoto, magoti yamekaribia kidevu, ukutani twiga na tembo wanatutazama, na tunajadili riwaya kwa ukali ambao mtu akipita nje atadhani tunagawana urithi. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Nzunda, anafundisha Kiswahili sekondari, mtu wa tai hata siku ya mapumziko, na kitabu chochote chenye mapenzi ndani yake hukifunga kwa vidole viwili na kusema, "Hiki hakina dhamira." Kuna Lusekelo, nesi, yeye huwatibu wahusika. Tuliposoma riwaya ya mfalme mkatili, wote tukamlaani mfalme, Lusekelo akashikilia kwamba yule hakuwa mkatili, alikuwa na vidonda vya tumbo, angepata dawa mapema watu wasingekufa. Na mimi, Atupele, najulikana kwa jambo moja tu. Wenzangu wakisita, mimi nasema.

Sasa Lusekelo akatuletea kitabu cha mzee mmoja anayesali naye, Mzee Ambakisye, mzaliwa wa Ibaba kule Ileje, bwana shamba mstaafu aliyetumia ujana wake wote Hasamba akiwafundisha watu kilimo cha kahawa. Mzee wa kanisa, mpole, sauti ya chini, kofia ameishika mkononi hata akiwa nje. Alikuwa ameandika kumbukumbu za maisha yake na kuchapisha kwa nguvu zake mwenyewe, kitabu chembamba chenye picha ya mti wa mbuni kwenye jalada. Na habari kubwa ni kwamba angekuja mwenyewe kutusikiliza. Hatujawahi kupata mwandishi aliye hai! Mwalimu Nzunda akapanga kwamba mimi ndiye nifungue maoni, akatukataza kabisa kukijadili kabla ya siku yenyewe, eti maoni yasije yakaambukizana.

Nakala zilikuwa chache, tukawa tunapokezana, na mimi nikawa wa mwisho. Lusekelo alinipa akasema nirudishe kesho yake, shemeji yake naye anakisubiri. Nifanye nini? Hapa ndipo nilipofanya kile kitendo kidogo. Nikapita steshenari moja karibu na mpaka, nikamwambia dada wa pale, "Nitolee kopi kitabu kizima, napitia jioni." (Ndiyo, najua. Kitabu cha mzee wa watu, kilichotoka kwenye jasho lake, nami nikakitoa kopi. Hilo nalo litafika, vumilieni.) Jioni nilikuta umeme ulikatika na ndiyo kwanza umerudi, watu wamejaa wanagombania karatasi zao, dada wa steshenari jasho linamtoka, akanikabidhi furushi langu limebanwa vizuri na jalada la plastiki. Nikaona limependeza kuliko kitabu chenyewe. Kitabu nikamrudishia Lusekelo bila hata kukifungua.

Nikaanza kusoma. Jamani, mwanzo ulikuwa mgumu. Nafasi kati ya mbuni na mbuni. Namna ya kupogoa matawi. Ugonjwa wa chulebuni, dalili zake, dawa zake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikawa nasinzia nimekaa. Halafu mzee akaingia kwenye habari ya kwenda kumposa mkewe, akaandika hivi: "Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha. Nikabisha hodi nyumbani kwa kina mchumba wangu. Mlango ukafunguliwa, na mbele yangu nikamwona," na ukurasa ukaishia hapo. Nikafunua. Ukurasa uliofuata ukaanza: "Chanda, amejifunga kitenge kimoja tu, mkononi kashika funguo za lori."

Usingizi ukakatika palepale.

Kuanzia hapo sikuweka chini yale makaratasi. Huyo Chanda, mwanamke wa Kizambia, alikuwa anavusha magendo kwa kupitia mashamba, na mzee wetu (mimi najua ni mzee wetu, kaandika "mimi", na mimi namwamini) alijificha naye chini ya magunia ya mchele, wakakimbizwa, wakaogelea, wakalala nyumba ya wageni Kitwe kule Zambia, na mambo ya nyumba ile yaliandikwa kwa utulivu wote, hatua kwa hatua, kama vile kupogoa. Nilishangaa kidogo kuona herufi zimebadilika, zimekuwa kubwa na nyembamba, lakini nikajiambia huo ndio ufundi: moyo wa mtu umebadilika, na maandishi yamebadilika. (Mimi huyo. Ninayerudisha nyaraka za watu kwa sababu ya nukta.) Kisha baada ya Chanda kuondoka na lori, nikafunua ukurasa mmoja tu, tumerudi Hasamba, tunaweka mbolea, kama hakuna kilichotokea. Nikafunga lile furushi nikasema huyu mzee ni mwandishi.

Siku ikafika. Mzee Ambakisye alikuja na suti ya kahawia, na mkewe Mama Tusekile kajitanda kitenge kipya, na nyuma yao kwaya ya akina mama wa kanisani kwao, ambao waliimba kwanza, wakakaa kwenye vile viti vya chekechea wakifurahi. Mwalimu Nzunda akakaribisha kwa maneno marefu kuhusu dhamira. Kisha akasema, "Dada Atupele, fungua."

Nikasimama. Nikasema, "Mzee wangu, shikamoo. Nitasema ukweli. Zile habari za kahawa zilinichosha."

Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Afadhali ningekaa hapo.

"Lakini," nikasema, "ulipofika kwa Chanda, mzee, nilikuvulia kofia. Watu wengi wa rika lako, tena wazee wa kanisa, wangeficha. Wewe umeandika kila kitu, mpaka ile nyumba ya wageni ya Kitwe. Na wewe Mama Tusekile, nakupongeza, maana kuishi na mwanamume mwenye historia ile na bado mnashikana mikono, huo ni moyo."

Mama Tusekile akageuza shingo polepole akamtazama mumewe. "Chanda nani?"

"Simjui," mzee akasema.

Kwaya nzima ikavuta pumzi kwa pamoja, kwa sauti tatu: "Mwee!"

Mtu mwenye akili angeona kuna tatizo. Mimi nikaona mzee anaona aibu, na nikajipa kazi ya kumtia moyo. "Usikane, baba," nikamwambia, "kitabu ni chako, simama nacho." Na nikafungua furushi langu nikaanza kuwasomea: "Chanda akanivuta shati akasema, 'Iwe, wewe, leo huendi popote.' Nikahisi magoti yangu yanakuwa uji..."

Hapo Mwalimu Nzunda akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka tai ikapinda, akamwaga maji yake mezani, akasema muda wetu umekwisha, na ndiyo kwanza tumeanza. Lusekelo akamkimbilia kumpiga mgongo. Mimi nikamwonea huruma nikijua hapendi mambo ya mapenzi, nikaongeza sauti ili wa nyuma wasikie.

Mzee Ambakisye akanyanyua mkono. "Mwanangu, naomba nione hicho ulichoshika."

Nikampa. Akavaa miwani. Akafunua taratibu, malori yakinguruma kwenye foleni kule barabarani. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Hiki si kitabu changu. Hii ni kopi." Akafunua tena. "Huku mbele ni mimi. Huku katikati si mimi. Hapa nilipobisha hodi, mlango alifungua baba mkwe."

Mama Tusekile akasema, "Kweli, alifungua baba. Alikuwa na panga, ametoka kukata majani ya ng'ombe."

"Kwa nini hukununua kitabu, mwanangu?" mzee akaniuliza, bila ukali wowote, na ningependelea anipige. Lusekelo akanitazama kama mgonjwa aliyeficha dalili. Nikaeleza habari za steshenari, na nilipokuwa naeleza ndipo mimi mwenyewe nikaelewa: karatasi za mteja mwingine ziliingia katikati ya zangu, na mimi nimemzulia mzee wa kanisa mwanamke, magendo na Kitwe, mbele ya kwaya yake.

Sasa ningekaa kimya, mkasa ungeishia hapo. Lakini nilitaka mzee anisamehe haraka, nikaona njia nzuri ni kuyatukana yale makaratasi ya katikati. Nikageuka kabisa! Mimi niliyesema ni ufundi nikasema ni takataka. Nikasema, "Ningejuaje, mzee, na yameandikwa vibaya hivi? Magoti gani yanakuwa uji? Aliyeandika haya hajawahi kumwona mwanamke kwa karibu. Na lori hajui hata linavyofunguliwa. Huyu ni mwehu fulani amekaa mahali anajiandikia ndoto zake." Akina mama wa kwaya wakaanza kucheka, nami nikishachekesha watu siachi, nikaendelea, "Na nawaambia, hata dhamira hana!" Nikamgeukia Mwalimu Nzunda aniunge mkono. "Si kweli, mwenyekiti?"

Mwalimu Nzunda alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni kikohozi.

"Ni yangu," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Lusekelo akamwambia akae, presha imepanda.

"Riwaya hiyo ni yangu," akasema tena, na safari hii akaifungua tai kabisa. "Nimeiandika kwa siri miaka yote hii. Niliipeleka ikatolewe kopi nipate kumtumia mchapishaji aone nilipofikia. Nilirudishiwa sehemu ya mwisho haimo, nikadhani Chanda amepotea." Akanitazama. "Na lori linavyofunguliwa najua. Niliwahi kuwa utingo."

Jamani. Nilitamani kuondoka, na niliamua kuondoka, nikawa nimekwisha kaa bila kujijua, nikainuka kwa nguvu, na kile kiti cha plastiki cha mtoto kikainuka na mimi. Kilinishika nyonga barabara. Nikapiga hatua kwenda mlangoni, kiti nacho kinakuja, miguu yake minne imetazama watu niliowapa mgongo, nikafika mlangoni hatupiti, mimi na kiti. Mama wawili wa kwaya wakaja kunivuta, mmoja ameshika mikono yangu, mwingine kiti, wakivuta kwa mpigo kama vile wanatwanga, na mmoja akashindwa akakaa chini kwa kucheka. Kilipotoka kilitoa mlio nisioweza kuuandika hapa.

Nikarudi katikati ya chumba, maana ilibidi, nikapiga magoti (hayakuwa uji, yalikuwa yanauma) nikamwomba radhi mzee na mkewe, kisha mwalimu. Mzee Ambakisye akasema ameshasamehe, ila kitabu ninunue, na akatoa nakala mfukoni akanisainia palepale. Mwalimu Nzunda alikuwa anachomoa kurasa zake kwenye furushi, anazipanga moja moja, na kwa kweli nilipomwona hivyo ndipo aibu yenyewe iliponiingia, kuliko ya kiti, kuliko ya Kitwe. Mtu alikuwa na kitu chake kimoja anakipenda kwa siri, nami nimewachekesha watu nacho.

Aliyetuokoa ni Mama Tusekile. Alikohoa kidogo, akajitengeneza kitenge, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Mwalimu, samahani. Huyo Chanda, alipoondoka na lori, alirudi?"

Mwalimu akanyanyua uso. "Hajarudi, mama. Nimekwama hapo."

"Arudi," akasema Mama Tusekile. "Mwanamke mwenye lori lake haondoki moja kwa moja. Amrudishe, au siyo, akina mama?" Kwaya ikakubali. Mzee Ambakisye akawa anatazama twiga wa ukutani.

Tukamaliza mkutano kwa kumsikiliza mwalimu akitusomea, sauti kwanza inamtetemeka, baadaye inanyooka, na hadithi ilipofika nyumba ya wageni mzee akaomba aende nje kidogo kupunga hewa, mkewe akakataa kumsindikiza.

Mwalimu Nzunda siku hizi ananisalimia, lakini kwa kifupi. Ile sehemu ya magoti naambiwa ameibadilisha, nami sijathubutu kuuliza yamekuwa nini. Kopi za vitabu nimeacha kabisa, nanunua au nasubiri zamu yangu hata ifike mwakani. Na kwenye kikundi bado naongea, tabia haiishi kwa siku moja, ila nimeapa jambo moja na sitalivunja: mtu akiniuliza maoni yangu juu ya kitabu, chochote kile, kwanza namwomba aniambie mwandishi amekaa kiti kipi.