Mgonjwa wa Mtihani

Kazi ya shangazi yangu, dada yake baba, ilikuwa kuugua. Msicheke. Chuo cha udaktari kilimwita siku za mitihani, akapewa karatasi ya ugonjwa, akaikariri, kisha akalala kitandani na wanafunzi wakaingia mmoja mmoja kumpima. Mwisho yeye ndiye aliyetoa alama za huruma: nani alimtazama usoni, nani alimsikiliza mpaka mwisho, nani alisema pole huku anachungulia saa.

"Karibu, marehemu!" baba alikuwa akimtania akirudi. "Leo umekufa mara ngapi?"

"Mara saba. Walionisikitikia wawili tu, wengine wamenigeuzageuza kama gunia."

Miaka kumi na moja aliifanya kazi hiyo. Ndiyo maana tumbo lilipoanza kumuuma kwelikweli, alijieleza vizuri mno.

Nilimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa kijana, na alipomwona tu akaangua kicheko. "Mama! Si wewe uliyenifelisha mwaka wa tatu? Haya, leo wamekupa ugonjwa gani?"

"Leo ni wangu mwenyewe, mwanangu. Panachoma hapa, panapanda hadi mgongoni. Chakula hakipiti."

"Neno kwa neno kama kitabuni!" Akanigeukia mimi. "Huyu mama fundi. Ameigiza mpaka mwili umeamini."

Hakumgusa hata kwa kidole. Akaandika dawa za vidonda vya tumbo, tukatoka.

Mlangoni nilimsihi arudi ndani, alie, apige kelele.

"Nikilia atasema naigiza. Nikinyamaza atasema sina kitu. Nifanyeje?"

Tulikwenda kuchukua dawa.

Alirudi kwa daktari yuleyule mara mbili zaidi. Mara ya mwisho alianguka kwenye foleni, ndipo wakampiga picha ya tumbo. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini, na wakasema hawana la kufanya.

Jana daktari alikuja wodini. Aliketi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, akamshika mkono. "Nisamehe, mama."

"Sasa unaniamini?"

"Nakuamini."

Shangazi aliuvuta mkono taratibu, akauingiza chini ya shuka, akageukia ukutani nilikokuwa nimesimama. Nyuma yake daktari alikuwa analia. Mimi niliuona uso wa shangazi: ameuma meno, jasho linamtiririka, sauti haitoki.

Nikamnong'oneza, "Nimwite muuguzi?"

Akatikisa kichwa.