Anwani Mpya ya Duka la Manjula

Manjula alikuwa ameshachoresha anwani mpya ya barua pepe kwenye bango la duka lake la pampu za maji pale Ipogolo, tena kwa rangi nyekundu, kabla hata haijafunguliwa. Alikuwa amechoka kudharauliwa. Kila akiomba zabuni ya shule, aliulizwa kwa nini kampuni nzima inatumia anwani ya bure yenye jina la binti yake na mwaka aliozaliwa.

Basi akalinunulia duka jina lake la mtandaoni, kwa bei isiyofika mfuko wa simenti kwa mwaka. Ikabaki hatua moja tu ya kuifungua anwani, namba ya uthibitisho. Namba ikaenda kwenye simu ya duka, na simu ya duka alikuwa nayo shemeji yake Dhaval huko Chunya, alikokwenda kuwauzia pampu wachimbaji wa dhahabu.

"Shemeji, nitumie hiyo namba upesi, inakufa baada ya dakika kumi!"

"Ndivyo wanavyosema matapeli," Dhaval akajibu, akakata simu.

Akampigia tena. Dhaval akamtaka ataje jina la mama mkwe wake. Akalitaja. Akamtaka aongee Kigujarati. Manjula akaongea, na maneno mengine hayaandikiki.

"Sasa nimeamini ni wewe," Dhaval akasema. "Lakini kwa meseji situmi, wezi wanasoma. Nimeshaituma mahali salama."

"Wapi?"

"Kwenye anwani yako mpya, ile ya kwenye bango."