‘Mungu si saidia fundi’: Mchonga mawe aliyekataa kazi ya kanisa lake

Saa mbili asubuhi, Mama Nukta ameshagombana na watu wawili. Wa kwanza ni muuza maji aliyeegemeza mkokoteni wake kwenye jiwe la kaburi ambalo halijakauka rangi. Wa pili yuko kwenye simu, na huyo bado hajamalizana naye.

“Njoo mwenyewe, mwenyekiti!” anafoka, simu kaibana kati ya bega na sikio, patasi mkono huu, nyundo mkono ule. “Mambo haya hayamalizwi kwa simu. Njoo tuangaliane usoni.”

Anaiachia simu idondoke mapajani na kurudi kwenye herufi yake. Tik, tik, tik. Vumbi jeupe linamkaa kwenye nyusi. Miwani yake haina mikono, kaifunga kichwani kwa mpira wa suruali.

Kibanda chake ni mabati sita na mlango usiofungika, kati ya fundi baiskeli na ukuta wa makaburi. Humo amechonga mawe kwa miaka kumi na tisa. Bei yake ni kwa herufi, na herufi moja ni sawa na mikate miwili. Nukta ni bure. Ndiyo maana kila jiwe lake lina nukta hata pasipostahili, na ndiyo maana jina lake la kuzaliwa limesahaulika mtaa mzima.

Ugomvi wa leo umetoka kwenye karatasi moja. Juma lililopita mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa analosali Mama Nukta alimletea jiwe jeusi zuri, limesuguliwa hadi unajiona meno, pamoja na maneno ya kuchongwa. Ni jiwe la uzinduzi wa kanisa jipya, na uzinduzi ni Jumapili hii.

Karatasi ilisema jengo limejengwa na mfadhili, mfanyabiashara wa matanki ya maji ambaye mtaani wanamwita Bwana Tanki. Jina lake lote, la baba yake, na la kampuni. Herufi za sentimita kumi. Chini kabisa, kwa sentimita mbili: KWA MSAADA WA MUNGU.

“Nilisoma mara ya kwanza nikadhani macho yangu,” anasema. “Nikasoma tena. Kwa msaada wa Mungu! Yaani Bwana Tanki ndiye fundi mkuu, na Mungu ni saidia fundi wake. Mungu ndiye aliyekuwa anakoroga zege na kubeba ndoo, jioni anapanga foleni ya posho! Mungu si saidia fundi wa mtu.”

Alimuuliza mwenyekiti kwa nini herufi za Mungu zimekuwa ndogo hivyo. Akajibiwa kwamba nafasi imeisha.

“Nafasi ya Bwana Tanki ipo, ya Mungu ndiyo imeisha. Haya!”

Wanaomfahamu wanasema hasira hiyo haikuanza leo. Mama Nukta aliacha shule darasa la tatu, akaolewa bila kujua kusoma barua. Baba mkwe wake alikuwa mchonga mawe, na kazi ya Mama Nukta ilikuwa kumwagia maji jiwe lisipate moto. Siku moja mzee akiwa mgonjwa, akashika patasi na kuinakili herufi kama mtu anavyonakili picha ya kuku. Ikatoka safi kuliko za mzee.

“Kusoma nimefundishwa na marehemu,” anasema, akionyesha makaburini kwa kidevu. “Nilikuwa napita kaburi kwa kaburi, namuuliza mtu, hapa pameandikwa nini? Miezi sita nikawa nasoma. Nani anajifunza kusoma kwa patasi? Hiyo si akili yangu. Akili yangu naijua, mimi naweza kupoteza ufunguo ulio mkononi.”

Lakini hata yeye alipata kulewa sifa. Anasimulia mwenyewe, tena kwa kicheko, jinsi alivyokuwa akitamba sokoni kwamba mkono wake haukosei hata akisinzia. Ndipo ikaja kazi ya bwana mmoja aliyekuwa na nyumba nne na wake wa watu watano. Familia ilitaka ALIPENDWA SANA. Mama Nukta akaruka herufi moja. Jiwe likasimama kaburini limeandikwa ALIPENDA SANA.

“Nilikwenda kwa mjane nikipiga magoti. Akaniangalia, akasema, ‘Umejuaje, mwanangu? Liache hivyo hivyo.’” Anafuta machozi ya kucheka kwa kiganja chenye vumbi. “Tangu siku hiyo sijasema tena mkono wangu. Mkono nimepewa. Aliyenipa akiamua, naruka herufi.”

Basi Jumatatu akaamua kuandika maneno yake mwenyewe. Akachora kwa chaki: MUNGU AMEJENGA. Akamwita wifi yake, dada wa mumewe, aje asome. Wifi ndiye aliyebeba maji ya ujenzi huo kwa miezi kumi na minne, na mume wake ndiye msimamizi wa mafundi.

Wifi alisoma, akashika kiuno.

“Na mimi nilikuwa wapi?”

“Wifi, namtukuza Mungu.”

“Mtukuze. Lakini mume wangu alipoanguka toka juu akavunjika mguu, alikuwa anacheza? Wewe unamfuta Bwana Tanki, na sisi unatufuta humo humo.”

Mama Nukta anakiri maneno hayo yalimtoa jasho. Akafuta, akaandika tena: MUNGU ALITUPA MIKONO, TUKAJENGA.

“Alitupa?” wifi akaangua kicheko. “Wifi, watu watauliza Mungu aliitupa wapi hiyo mikono, waende kuiokota!”

Wakacheka hadi fundi baiskeli akaja kuuliza kuna nini. ALITUPA ikawa ALITUJALIA. Herufi tatu zaidi, mikate sita, kwa gharama yake mwenyewe.

Saa nne mwenyekiti anafika na vijana wawili wa mkokoteni. Ni mtu mnene wa sauti ya taratibu, na salamu yake ndefu.

“Mama, tusivunjiane heshima. Kanisa lilisimama kwenye msingi miaka saba. Bila yule bwana tungekuwa bado tunasali chini ya turubai.”

“Sikatai. Mwandike. Mwandike alitoa, maana kweli alitoa. Ila asimpande Mungu kichwani.”

“Fundi hachagui maneno. Fundi anachonga.”

“Ningekuwa nachonga ya duka la matanki, ningechonga nikiimba. Hili ni kanisa, mwenyekiti. Mimi nasali humo!”

“Hicho sasa ni kiburi,” mwenyekiti anasema polepole. “Unajificha nyuma ya Mungu. Mnyenyekevu angechonga akanyamaza. Na hata mawe ya waumini wetu, itabidi tutafute mtu mwingine.”

Katika kila mawe kumi anayochonga, sita ni ya waumini wa kanisa hilo. Mumewe ni dereva wa lori, nyumbani hupita kama mgeni. Binti yao yuko chuo cha uuguzi mwaka wa pili.

“Chukueni jiwe lenu,” Mama Nukta anasema.

Vijana wanalibeba. Mji wa pili kuna mtu mwenye mashine, atalimaliza kwa saa tatu. Mkokoteni ukishakata kona, Mama Nukta anaweka nyundo chini.

“Kiburi,” anarudia, akimgeukia wifi aliyekuwa kasimama mlangoni muda wote. “Kweli ninacho?”

“Kiburi unacho tangu uolewe,” wifi anajibu. “Lakini hapa hujakosea.”

Mchungaji aliombwa aamue, akasema jambo hilo liombewe. “Limeombewa,” Mama Nukta anasema kwa ukali. “Jibu lipo. Anaogopa kulisoma.”

Anavuta gunia pembeni. Chini yake kuna jiwe lingine, la kijivu, bila mng’ao, nalo limekwisha chongwa zaidi ya nusu: MUNGU ALITUJALIA MIKONO. Juu ya mlango mkuu wa kanisa mafundi wanamalizia lipu, na shemeji yake, yule msimamizi wa mguu uliovunjika, amepima: kuna nafasi ya futi tatu. Jumamosi mchana watalipandisha. Kamati haijaulizwa, na yeye hana mpango wa kuiuliza. Chakula cha nyumbani mwezi ujao hajui kitatoka wapi, na hilo analisema bila kuzunguka.

“Jumapili watafunua kitambaa chao. Nitapiga makofi, maana bwana yule katoa matofali,” anasema, akirudisha miwani puani. Zimebaki herufi tisa. “Halafu watu watainua macho mlangoni. Asiyependa, ngazi ipo. Apande mbele ya waumini wote, na nyundo yake, amshushe Mungu. Nataka nimwone huyo mtu kwa macho yangu.”