Manyanga Yaliyomkimbiza Mama

Mama aliweka nadhiri kabla hata ulimi wake haujanyooka. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kushoto, kuanzia begani mpaka kwenye unyayo, na maneno yalimtoka vipande vipande. Lakini hilo moja nililisikia lote. Akipona, ataingia kanisani kwa mlango mkubwa na kutembea mpaka madhabahuni kwa miguu yake, bila fimbo wala kushikwa mkono. Nikamwambia apumzike kwanza. Akanitazama kwa jicho la kulia, lile ambalo halikuugua, nikajua hapo hakuna mjadala.

Mambo ya mama hayana nusu. Alilelewa Ipole, kati ya mizinga ya nyuki na mabani ya kukaushia tumbaku, akaja mjini baada ya kuolewa, na kwa miaka mingi ndiye aliyepiga manyanga kwenye kwaya ya akina mama ya kanisa letu hapa Cheyo. Manyanga ni vibuyu viwili tu vyenye mbegu ndani. Ukivishika wewe vinapiga kelele, lakini mikononi mwa mama vilikuwa vinatembea, na kanisa zima lilitembea navyo. Mimi nimekuwa mpiga dramu kwa sababu yake. Napiga nikiwa nimevaa sketi pana kama turubai, maana wazee wa kanisa hawataki kusikia habari ya suruali. Ilishonwa na jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa mafundi wa hapa mjini tangu enzi za babu zao. Siku ananipima aliniuliza kama nataka sketi au hema.

Huyo jirani ndiye aliyemfundisha mama kutembea upya. Mtaalamu wa mazoezi alituonyesha mara chache, akatuonya kwamba mama akianguka na nyonga ikavunjika, kwa umri ule, tusitegemee kumwona amesimama tena. Yaliyobaki jirani aliyafanya mwenyewe, kila asubuhi, uani kwetu. Alisimama mbele ya mama akirudi kinyumenyume na kumtania. "Njoo, bibi harusi, njoo. Mbona unanichelewesha, mume anangoja!" Mama alikuwa anacheka upande mmoja wa uso na kusogea. Mguu wa kulia ulipiga hatua. Wa kushoto ulikuwa unafikiri kwanza, halafu unajiburuta, halafu unatua. Ulikuwa mwendo mbaya kuutazama, lakini ulimfikisha kutoka mlangoni mpaka kwenye karo la kuoshea vyombo, na mimi nilitaka kulia kila alipofika.

Sasa niseme jinsi shukrani inavyotolewa kwetu, maana balaa lote lilitokea hapo. Mwenye shukrani haendi mbele kimya kimya. Anaingia kwa mlango mkubwa, ndugu na majirani wanamfuata na vitu vyao, kuku, karanga, mchele, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Kwaya inaimba. Anakwenda kwa wimbo, na wimbo haukatwi mpaka aweke sadaka yake madhabahuni. Akina mama wa zamani wanasema wimbo ukikatika njiani, shukrani nayo imebaki njiani. Mchungaji hajawahi kuhubiri hivyo na hakuna andiko lake, lakini jaribu kukata wimbo uone sura zao.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Mwenye shukrani akichelewa, tulirudia kiitikio. Akisimama kulia machozi, tulipunguza sauti tukamngoja. Kisha mwalimu wetu wa kwaya akaenda Dar es Salaam kwenye semina ya muziki, akarudi na laptopu na waya, na akili yake yote ilikuwa kwenye kliki.

Kliki ni mlio unaopigwa na laptopu kwenye hedifoni za wapiga vyombo peke yao, ko, ko, ko, ko, ili wote waende kasi moja bila kuyumba. Waumini hawausikii. Juu yake zinawekwa lupu, yaani vipande vifupi vya muziki uliorekodiwa ambavyo vinajirudia vyenyewe, ngoma, vinanda, makofi, chochote, na hizo zinatoka kwenye spika kanisa zima lisikie. Ni kitu kizuri, sitaki kuonekana mshamba. Tuliacha kukimbia kwenye viitikio, na kwaya ya vijana ilipendeza mpaka watu wa Kaliua wakaanza kutualika. Ila kliki haimngoji mtu. Mwalimu alikuwa anajivunia jambo hilohilo. "Kliki ndiyo bosi," alisema kila mazoezi, akinitazama mimi, kwa kuwa laptopu ilikaa pembeni ya dramu zangu na mimi ndiye niliyeianzisha.

Siku ya shukrani ya mama ilipopangwa, mwalimu alinijia na wazo, na wazo lenyewe lilinifurahisha hadi nikamshika mkono. Kwenye simu yangu nilikuwa na sauti ya manyanga ya mama, niliyoirekodi uani kwetu kabla hajaugua, siku moja alipokuwa anajipigia tu huku anangoja maharage yaive. Mwalimu akaikata, akaisafisha, akaifanya lupu chini ya wimbo ambao mama aliuchagua. Mama angeingia kanisani akitembea juu ya manyanga yake mwenyewe. Tukakubaliana tusimwambie.

Kwenye mazoezi ya mwisho ndipo nilipoanza kuogopa. Wimbo ulikuwa na kasi. Niliwaza ule mguu wa kushoto unaofikiri kwanza, nikamwomba mwalimu apunguze mwendo.

"Haipungui," alisema. "Nikiivuta, manyanga yanaharibika. Sikiliza." Akaivuta. Kweli, yalilia kama gunia la mahindi linaloburutwa sakafuni.

"Basi yatoe."

"Dada, si ulifurahi mwenyewe? Halafu mama anatembea tu, hachezi. Wimbo uwe wimbo, yeye atembee mwendo wake. Kuna shida gani?"

Nikarudi kwenye dramu zangu nimekereka. Alikuwa amesema jambo lenye akili. Wote tuliliona lina akili. Tulikuwa tumezoea hedifoni kiasi cha kusahau watu wa kwetu wameumbwaje. Mama hajui kutembea huku wimbo unaenda zake. Tangu atambae, wimbo ukianza mguu wake unaukanyaga, na hakuna aliyemfundisha namna nyingine.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Nilimwona mama mlangoni, amevaa kitenge kipya, chupa ya asali ya Ipole ameikumbatia kwa mkono wa kulia. Jirani alikuwa nyuma yake na ushungi wake mweupe na beseni la karanga kichwani. Fimbo ilikuwa imeachwa nyumbani. Nilikuwa nimemsihi asubuhi aibebe hata kwa mapambo, akanijibu kwamba yeye si askari wa gwaride. Mwalimu akanipa ishara. Nikabonyeza kitufe, nikasikia ile sauti ya kuhesabu masikioni, moja, mbili, tatu, nne, nasi tukaingia.

Ukiwa na hedifoni hulisikii kanisa. Unasikia kliki na vyombo, na watu unawaona kama televisheni iliyozimwa sauti. Nilimwona mama akipiga hatua ya kwanza, ya pili, mwendo wake wa uani, taratibu. Nikashusha pumzi. Kisha manyanga yakaingia.

Aliyatambua papo hapo. Alisimama kidogo, kichwa kikainuka, na usoni pakaja kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu augue, uso wa mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu. Bega la kulia likaanza kuchezacheza. Akina mama wakainua mikono, nadhani walikuwa wanapiga vigelegele. Nilijisikia binti bora kuliko wote Tabora nzima.

Halafu akaanza kuyafuata.

Mguu wa kulia ulikanyaga palepale manyanga yalipotaka. Wa kushoto ukachelewa. Akaurukia ule wa kulia ili kufidia, wa kushoto ukachelewa zaidi. Alikuwa anajikimbiza kanisani, mwanamke ambaye juzi alikuwa anahitaji asubuhi nzima kuvuka ua. Kila alipoachwa alikaza midomo na kujitupa mbele, na chupa ya asali ilikuwa inamtoka kwapani. Jirani akanyoosha mkono mmoja kumshika, mama akausukuma kwa kiwiko. Jirani hakuwa na namna ya kumpita aje mbele yake kama kule uani, desturi ilikuwa imemfunga nyuma. Nikamtazama mwalimu. Naye alikuwa ameona, jasho linamtoka, lakini mkono wake ulizunguka hewani, endelea, endelea.

Nilikuwa naogopa mno, tena nina hasira. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inapiga kwa ule mwendo, mimi mwenyewe nilikuwa namkimbiza. Nikizima, wimbo unakatika njiani, na nadhiri aliyoitunza kitandani muda wote ule ninamvunjia mimi, mwanawe. Nisipozima, ataanguka mbele ya macho yangu. Na kliki masikioni, ko, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Alifika katikati, usawa wa mabenchi ya wazee. Ndara ya kushoto ikajikunja chini ya unyayo. Mwili wote ukaenda upande, akasimama kwa mguu mmoja, na manyanga yakaendelea.

Nikabonyeza kitufe. Nikavua hedifoni.

Kwaya iliishia katikati ya neno. Akina mama wa zamani walinigeukia kama niliyetapika madhabahuni. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Unafanya nini?" na kanisa zima likamsikia. Mama alikuwa amesimama, amepinda, anahema. Aliiondoa ndara kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, akabaki peku mguu wa kushoto. Hakuangalia pembeni. Alikuwa ananiangalia mimi, na sikujua ananilaumu au ananiomba.

Akainua mguu wa kulia. Ulipotua nikapiga ngoma kubwa, mara moja.

Wa kushoto ukafikiri. Nikangoja. Ukajiburuta, nikaburuta fimbo ya dramu juu ya ngozi ya ngoma ndogo, polepole, mpaka ulipotua, nikagusa. Wa kulia, nikapiga. Wa kushoto, nikangoja, nikaburuta, nikagusa. Haukuwa mwendo wa wimbo wowote. Mpiga gitaa la besi alijaribu kuingia akapotea, akaacha. Macho yangu hayakutoka kwenye miguu ya mama.

Jirani ndiye aliyepiga kofi la kwanza, beseni likiwa kichwani. Aliujua ule mwendo, ameuishi kila asubuhi uani. Akapiga kofi pale pale mguu wa kushoto ulipotua. "Njoo, bibi harusi," akasema, naye yuko nyuma. Benchi la akina mama likasikiliza kidogo, wakapokea, kofi kwa kofi, na mmoja wao akaanzisha pambio la zamani na kulivuta mpaka likaenea kwenye kuchechemea kule. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu sana. Mama akafika, akaiweka asali madhabahuni, akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia na kusimama hapo wima. Ndipo vigelegele vikapasua paa, na safari hii nilivisikia.

Baada ya ibada mwalimu alinivuta pembeni. Alisema nimemdhalilisha, kwamba wimbo ulibakiza kidogo tu uishe, kwamba ningempa ishara angefanya jambo. Nilimjibu vibaya, maneno ambayo hayafai kuandikwa na mtu aliyetoka kushiriki ibada. Hatukusemezana mpaka mazoezi yaliyofuata, na hata pale alianza kwa kuniuliza habari za mguu wa mama.

Lakini mwalimu hakuwa shida yangu siku ile. Nilikuwa namwogopa mama. Tulirudi naye nyumbani. Jirani alimwekea maji ya uvuguvugu, akamkanda ule mguu, akaenda zake kupika. Tukabaki wawili uani. Nikatoa simu.

"Mama, nisamehe. Nilitaka ufurahi. Naifuta sasa hivi hapa mbele yako."

"Unafuta nini?"

"Manyanga. Yale uliyosikia."

Alikaa akiuangalia mguu wake ndani ya beseni, ule wa kushoto, mweupe kwa kulowa. Akanyoosha mkono wa kulia akafunika simu yangu na kiganja.

"Usimfute," akasema. "Yule mama ni hodari. Nilifurahi kumsikia." Akavuta pumzi, maneno bado yanamtoka taratibu. "Ila usinishindanishe naye tena. Mimi siwezi kumfikia."