Kipande Kisichotiwa Urea

Spès wa Katumba hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa misimu mitatu alikwenda kijiji cha Mwamkulu kila Jumatano, akafunika ndoo juu ya udongo, akavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano, akampelekea mtafiti Eustace mjini Mpanda ikapimwe. Watu walimcheka: "Dada anawapima mchwa presha!" Hakujali. Alijua udongo una vijidudu vinavyokula methani, gesi inayoongeza joto duniani. Alitaka kujua jambo moja: shamba likitiwa urea, hamu yao ya kula hupungua kiasi gani? Ndiyo maana kipande kimoja cha shamba hakikutiwa mbolea hata punje. Bila hicho, vingine havina cha kulinganishwa nacho, na misimu yake mitatu ingekuwa kazi bure.

Jumatano moja, katikati ya msimu wa tatu, akakuta mahindi ya kipande kile yamekolea kijani. Chembe nyeupe chache zilikuwa bado zimenasa kwenye majani.

Mwenye shamba, Kasimiri, alisimama pembeni na miwani ya jua, mawingu yametanda. Tumbo lilimtangulia, akili ilikuwa bado njiani.

"Mzee Kasimiri, nani katia urea hapa?"

"Mimi. Kesho wanakuja wageni wa wilaya. Nyie mnataka waone Kasimiri analima mahindi ya njano?"

"Tulikubaliana, mzee."

"Nikubaliane na nani? Na binti anayenusa ndoo?"

Spès akampigia Eustace simu. Mtaalamu huyo, ambaye kiatu chake hakijawahi kuonja tope la Mwamkulu, alicheka.

"Usikuze mambo, Spès. Chukua namba za wiki iliyopita, punguza hapa, ongeza pale. Udongo hausemi."

Spès akaitazama simu kama anayetazama inzi kwenye uji. Shahada mbili, na bado Eustace hakumzidi yule mwenye miwani hata kwa punje moja ya haya.

Akakata simu. Akaandika daftarini: "Kipande cha pili, kile cha kulinganishia, kimetiwa urea na mwenye shamba, Kasimiri, ili kuwafurahisha wageni. Vipimo vyake kuanzia leo visitumike." Akasaini, akapiga picha ukurasa, akautuma kwa watafiti wote wa mradi. Misimu miwili na nusu ilikuwa salama. Nusu iliyobaki imekwenda na maji.

Kasimiri akasogea, akachungulia.

"Umeniandika jina?"

"Nimekuandika."

"Litasomwa na wakubwa?"

"Wote."

Akanyoosha kola. "Basi ongeza na jina la baba."

Spès akaongeza.