Nilivua Viatu Baharini

Ninaandika haya nikiwa barazani kwangu Panda, mtaa wa Likasi huku Kongo, miguu yote miwili ndani ya viatu, na kwa hilo namshukuru Mungu kabla sijasema neno lingine.

Nilizaliwa hapa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba alitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mgongo ulipomchoka, kampuni ikampa kazi ya kulinda piscine, bwawa la kuogelea. Ee, tulikuwa na piscine! Jumamosi watoto wa kambi tulijipanga ukingoni, maji yakinuka dawa, na baba akipaza sauti: "Bilato haiingiake mu mayi!" Bilato ni viatu kwa Kiswahili chetu. Aliyeingia na viatu alirudishwa nyumbani, hata mimi bintiye. Siku zile nazipenda mpaka leo.

Mwaka jana binti yangu Ngalula, anayeuza vitenge Dar es Salaam, alinipeleka Unguja kupumzika. Tayari nilikuwa na ugonjwa wa sukari. Nilijua nakwenda ugenini, nikajiandaa kwa heshima: kitenge hadi kwenye vifundo, salamu kwa kila mtu, na sikumpiga mtu picha bila kumwomba. Bi Zuhura, mwenye nyumba tuliyopanga, alinipenda. Asubuhi moja maji yalipokupwa aliniambia, "Mama, ukishuka pwani vaa viatu. Kuna vitu vinachoma kule."

Nikaitika. Lakini nilipofika ukingoni nikamsikia baba kabisa. Nikavua viatu, nikavipanga mchangani kama tulivyofundishwa. Wanawake waliokuwa wakivuna mwani walikuwa majini na viatu vyao. Nikasema moyoni, hawa hawakufunzwa na mtu!

Sikufika mbali, nikakanyaga jiwe. Kumbe si jiwe, ni samaki anayefanana na jiwe, mwenye miiba ya sumu. Maumivu yalipanda hadi kinenani. Nikatapika, nikamwita mama yangu ambaye ni marehemu. Wanawake walewale wa mwani ndio walionibeba hadi nyumbani. Bi Zuhura aliujaribu moto wa maji kwa mkono wake, kisha akautumbukiza mguu wangu, na maumivu yakapungua. Ndipo tukaenda hospitali kuchomwa sindano. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pole, mama. Kila maji yana adabu yake, ungeniuliza."

Niliporudi Likasi kidonda kikageuka. Unyayo ulivimba, ngozi ikawa nyeusi, usaha ukatoka na harufu iliyonifanya niwakimbize wajukuu. Daktari alibonyeza kidole changu kidogo, sikusikia kitu. Uso wake ukabadilika.

"Mama, sukari iko juu sana. Tutasafisha kila siku. Kama dawa haisaidie, tutakata mugulu."

Ngalula alikuja kutoka Dar, akawa analia pembeni ya kitanda. Nikamwambia, "Usilie, mutoto yangu. Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miye nilisikia la mkuu, baba yangu, na guu yenyewe ndiyo hii!" Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Alipotoka, mimi ndiye niliyelia. Niliogopa sana kurudi Panda bila mguu.

Walikata nyama iliyooza, wakaosha, wakafunga, kesho tena. Niliacha sukari kwenye chai, nikapunguza bukari, ugali wetu, nikameza dawa bila ubishi. Polepole nyama nyekundu ikaanza kuota. Kidole kile kilikwenda, mguu ukabaki. Asante kwa waliouosha bila kuziba pua.

Wewe unayekwenda kisiwani, heshima ya kwenu ni nzuri, ibebe. Ila ukifika, muulize mwenyeji, na akikujibu mtii. Vaa viatu majini. Ukichomwa, maji ya moto yasiyokuunguza, kisha hospitali haraka. Na kama una sukari, chunguza nyayo zako kila jioni, maana zinaweza kuumia zisikwambie.

Jumapili iliyopita Ngalula alinisindikiza kwenye piscine ya zamani. Maji yalikauka siku nyingi, watu wamepanda mahindi ndani. Nilipofika ukingoni, mkono ukaenda wenyewe kwenye kiatu.

"Mama, usivule bilato!" Ngalula akapiga kelele.

Nikacheka. Nikamshika bega, nikashuka ngazi na viatu vyangu mpaka katikati ya mahindi, nikasimama pale nikisikiliza. Hakuna aliyenirudisha nyumbani.